Mto Wangu Uliochukuliwa Kuokoa Mto Wenu

Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Mazingira,

Salamu nyingi, na poleni kwa lile lori la mafuta lililopinduka darajani na kumwaga mzigo wote mtoni. Mimi ni mume wa mkemia wenu. Naandika kwa heshima zote, ingawa shingo yangu imepinda na mwandiko umeifuata.

1. Jumanne mke wangu alirudi kutoka kazini, akafumua mto wangu wa kulalia, akatia konzi ya sufi kwenye beseni la maji yenye oili chafu ya gari. Sufi ikanywa oili yote, maji ikayaacha. Alifurahi kuliko siku niliyomposa. Akasema, "Mume wangu, miaka kumi na moja umelalia dawa." Tangu hapo nalalia mkono.

2. Jumatano akachukua na wake. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea, kila asubuhi ananiuliza kwa upole kama tunahama.

3. Niliwaandikia: "Naomba nirudishiwe mto wangu." Karani wenu akajibu kwamba mto ni mali ya umma, raia haruhusiwi kuumiliki, kuuziba wala kuupindisha. Nikamweleza kuwa mimi huulalia tu. Akaniletea onyo kuhusu mamba.

4. Majirani nao wamesikia. Seremala wa nyumba ya pili ameleta mito minne, mkewe akaongeza miwili. Sebule imejaa, nami nimekatazwa kuegemea hata mmoja, kwa kuwa sasa ni vifaa vya serikali. Chai nanywea barazani, nimesimama.

5. Kwa hiyo, ikiwa mto haurudi, naomba nami nisajiliwe kuwa kifaa cha idara. Huenda mke wangu akanitazama kama anavyoitazama sufi, na angalau nitawekwa pakavu.

Nisalimie karani, dereva wa lori ambaye nasikia ameshapata nafuu, na mke wangu, ukimwona kabla yangu.

Wako, shingo upande,
Mume wa Mkemia

Nyongeza: Barua hii nilikuwa naileta mwenyewe, nikapitia darajani. Mke wangu alikuwa majini hadi magotini, anavuta vyandarua vikuukuu vilivyojazwa sufi. Alikokwisha kupita, mchanga ulionekana chini ya maji. Aliponiona alisema tu, "Shika upande huo." Nimeshika hadi saa kumi na moja jioni. Ndipo nilipokumbuka kuwa godoro letu nalo ni la sufi. Tafadhali tumeni gari kesho asubuhi, na watu wawili, maana ni zito. Mama mkwe nitamweleza mimi.