Ruhusa ya Kobe

Jumatatu, 3 Machi
Miaka mitatu naomba uanachama kamili kwenye hii jumuiya yetu inayokusanya programu huria. Mitatu! Leo wamekubali kwa shingo upande: nifungashe programu moja, yaani niiandae iwe kifurushi ambacho yeyote ataweza kukisakinisha, nacho kipite ukaguzi kufikia Ijumaa. Nimechagua ile ndogo inayosoma na kuendesha lugha ya kompyuta isiyojulikana na mtu. Faili arobaini tu. Nimemwambia mke wangu aanze kuniita mheshimiwa. Akasema mheshimiwa atoe vyombo mezani.

Jumanne, 4 Machi
Kifurushi kimerudishwa! Mkaguzi wetu, tunamwita Nukta, amekuta nafasi mbili tupu mwishoni mwa mstari. Ebo! Kitu kisichoonekana! Nimepiga meza ngumi, chai ikamwagikia kibodi. Nimechukua ya mke wangu.

Jumatano, 5 Machi
Kimerudi tena! Faili moja haina leseni. Nukta anataka ruhusa ya maandishi kutoka kwa aliyeiandika, mtu anayejiita Kobe. Anwani yake ya barua pepe ipo pale pale juu ya faili. Mke wangu akauliza kwa nini nisimwombe tu. Nimwombe! Mimi! Nimeiandika ruhusa mwenyewe, kwamba Kobe ameridhia kwa moyo mweupe. Nani atajua?

Alhamisi, 6 Machi
Leo Nukta hajakirudisha kifurushi. Kafyata mkia! Nimewatangazia wenzangu wote wajiandae kunipongeza.

Ijumaa, 7 Machi
Nukta ndiye Kobe!! Ni jina lake la enzi za chuo. Ameandika mbele ya wanachama wote mia sita kwamba hakumbuki kuridhia, na kwamba moyo wake si mweupe hata kidogo. Kisha mshenzi huyo akaiwekea faili leseni na kufungasha programu mwenyewe. Dakika kumi! Imepita. Mimi nimefungiwa mwaka mzima. Eti alikuwa akinipima tu; ningeomba, angenipa siku ile ile. Mke wangu naye kasema hivyo hivyo. Wamekula njama, haki ya nani! Kalamu imetoboa karatasi.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekaa, nimetafakari, nimelijua kosa langu. Nilitumia jina la mtu nisiyemfahamu. Upuuzi mtupu! Leo nimefungua akaunti mpya na kuomba uanachama kwa jina la mke wangu. Huyu namfahamu miaka kumi na mmoja. Katoka kwenda kwa dada yake, hajui lolote. Barua yake ya ridhaa nimeshaiandika.