Gari la Marehemu

Nianze kwa kukiri kosa. Mara ya kwanza kusimulia habari hii, kijiweni kwenye kahawa, nilisema Nassibu ni dalali. Kesho yake madalali wa Shinyanga walinifuata nyumbani wakitaka nifute kauli. Nafuta. Dalali husimama kati ya watu wawili mpaka waelewane. Nassibu husimama kati ya watu wawili mpaka mmoja apate hasara, halafu anakuwa wa kwanza kumpa pole.

Ilikuwa miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni. Nassibu alikuwa ameketi kwenye hoteli ya jirani na stesheni, anakunywa chai isiyo na sukari, maana sukari nayo ilikuwa na foleni yake. Akaja mzee mmoja wa kanzu safi na jino la dhahabu, akavuta kiti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hivi mji mzima huu hauna mtu mwenye gari?"

"Yapo, mzee. Landrova zipo, malori yapo."

"Hivyo ni vyombo vya kubebea pamba. Mimi nasema gari." Mzee akashusha sauti kama anayemtaja mchumba. "Gari la Mwingereza, la zamani, la enzi zile walipokuwa na nafasi. Viti vya ngozi, vinanukia kama kiatu kipya. Dashibodi ya mbao, unajiona uso. Likiwaka huisikii injini, unasikia saa tu inavyotembea. Ukipita nalo barabarani, hata anayekudai anakuamkia kwanza."

Aliitwa Akida, mnunuzi wa dhahabu wa Rwamgasa. Alisema maishani amepata kila kitu, kasoro heshima, na heshima ameambiwa ina magurudumu manne. Akafungua leso kidogo, Nassibu akaona kitu kinang'aa, leso ikafungwa.

"Atakayeniletea gari la namna hiyo, nampa kibiriti kimejaa dhahabu. Narudi zangu leo hii. Ukifika Rwamgasa ulizia Akida, hata mbuzi watakuonyesha kwangu."

Akalipa chai zote mbili, akaondoka. Mtu anayekulipia chai kabla hamjajuana ni wa kuogopwa kuliko chatu. Nassibu alilijua hilo vizuri sana, ila siku zote yeye ndiye alikuwa mlipaji.

Kichwa chake kilikuwa kimeshafika Majengo. Kule, nyuma ya nyumba aliyopanga mjane mmoja mgeni, alikuwa ameona turubai limefunika kitu kikubwa, na chini ya turubai madigadi jeusi, nene, linang'aa kama ng'ombe aliyetoka kunywa maji. Mjane mwenyewe, Bi Mwanaima, alikuwa kwenye eda. Watu wengine wakisikia eda wanapata huzuni. Nassibu alipata faraja: mjane wa eda hatoki, haulizi bei, haonani na mafundi.

Tatizo lilikuwa moja. Hakuwa na cha kununulia, isipokuwa mabati.

Mabati yalikuwa ya nyumba yao ya Ngokolo, ambayo kuta zake zilikuwa zimesimama tangu mwaka juzi zikitazama mbingu. Mkewe, Chiku, alikuwa ameyapigania kwenye mgao mpaka kanga ikachanika. Alimkuta mumewe anayapakia kwenye mkokoteni.

"Yanaenda wapi hayo?"

"Yanatembea tu, Mama Tabu. Yatarudi na wenzao."

"Baba Tabu, mwenye nyumba ametupa mpaka Ijumaa tuhame. Mvua ikinikuta ndani ya kuta zisizo na bati, mimi na wanao tunapanda treni ya Tabora, kwa baba. Na kule usije na maneno."

"Nitakuezekea vigae."

"Niezekee bati," akasema Chiku.

Kwa Bi Mwanaima, Nassibu alikaribishwa mkekani, mbele ya pazia. Mjane alibaki upande wa pili, kama sheria inavyotaka. Nassibu akainua mikono, akamsomea marehemu Fatiha kwa sauti tamu mpaka mwenyewe akasikia machozi yanamlengalenga. Kisha akaingia kazini.

"Bi Mwanaima, nimekuja kama ndugu. Nimeliona lile gari nikasema, masikini, huyu mama ana msiba juu ya msiba."

"Kwa nini, kaka?" Sauti ilikuwa ndogo, ya kuonewa huruma.

"Gari la Kiingereza la zamani ni mume wa pili. Linakula, linaugua, na ukilitaka likupeleke mahali linachagua siku."

"Marehemu alilipenda sana."

"Na yuko wapi, Mungu amrehemu? Sikiliza, dada. Petroli linakunywa kama ng'ombe wa kiangazi. Likienda mwendo kidogo linachemka. Tone la mvua likiligusa, umeme wote unazima. Ukisema ulifungue, spana zake ziko kwao tu. Za hapa ni kubwa mno au ndogo mno. Na kipuri kinakuja kwa meli, ukishasahau ulikiagiza."

Nassibu hakuwahi kumiliki hata baiskeli yenye breki. Yote hayo aliyatunga palepale, akashangaa mwenyewe jinsi yanavyotoka kwa mpangilio. Nyuma ya pazia kikasikika kilio cha kubanwa, cha mtu anayeuma kanga, na pazia likatikisika. Nassibu akainamisha kichwa kwa heshima ya msiba.

"Kumbe ni balaa tupu," Bi Mwanaima akasema alipopata pumzi. "Kweli, kaka, halifai. Halifai hata kidogo."

Hapa yeyote aliyewahi kukanyaga mnada wa ng'ombe wa Mhunze angevaa viatu vyake na kwenda nyumbani. Mnadani mnunuzi lazima amtukane ng'ombe. Ndiyo adabu yenyewe. Ukisema anachechemea, mwenyewe anakuapia kwa mama yake kwamba anacheza. Ukisema amekonda, anakwambia ni mwembamba wa ukoo. Muuzaji akikuitikia, ujue ng'ombe ana neno. Lakini Nassibu alikuwa mtu wa mjini, na mtu wa mjini mnadani huenda kula nyama choma.

Akaomba funguo, zikapenyezwa chini ya pazia, akaenda kuliwasha. Gari likanong'ona. Kuku aliyelala juu ya boneti hakufumbua hata jicho.

"Unasikia linavyokoroma?" Nassibu akapaza sauti kuelekea dirishani. "Hili likae wiki moja, utazika tena."

"Basi nisaidie, kaka. Nitafanyaje mimi, mwanamke wa ndani?"

Akamsaidia. Mabati ya nyumba nzima yakashushwa uani, funguo zikabaki mfukoni mwake, na Nassibu akatoka pale akijilaumu kidogo kwa kumwonea mjane. Alijilaumu mpaka kwenye kona.

Ijumaa mchana, baada ya kupata petroli kwa kibali cha mtu mwingine, alishika njia ya Mwanza, avuke kivuko aende Rwamgasa, kule Geita. Kwa mwendo mfupi alikuwa mtu. Kiti kilimpokea kama mkwe tajiri. Watu walisimama kando ya barabara, wazee wawili wakavua kofia, na askari mmoja akapiga saluti kabla hajakumbuka kuuliza leseni. Nassibu aliitikia kwa kidole kimoja, akaanza kufikiri kwamba kibiriti kimoja ni bei ya kutupa.

Kisha akatazama mshale wa petroli. Ulikuwa unashuka kama mtu aliyeitwa. Karibu na Ibadakuli mvuke ukaanza kutoka mbele. Mbele kidogo ya uwanja wa ndege likadondoka tone la kwanza la mvua, kubwa, moja, juu ya boneti, na kila kitu kikazima: taa, injini, mpaka honi. Ikabaki saa ya dashibodi, inatembea.

Dereva wa lori akasimama kumsaidia. Alishuka na boksi zima la spana, akainama.

"Hii kubwa," akasema. "Hii ndogo. Hii kubwa. Ndugu yangu, aliyelitengeneza alikuwa amegombana na nani?"

Akaondoka akitikisa kichwa. Nassibu akabaki amesimama barabarani. Alikuwa amesema kweli. Alikaa mbele ya pazia kusudi adanganye, na kila neno lililomtoka lilikuwa kweli tupu. Kwa mtu wa kazi yake, hiyo ilikuwa aibu.

Akatokea mkulima mmoja, Jilala, anaswaga maksai wake wa plau.

"Mwadila," Jilala akasalimia, macho kwenye gari. "Kumbe limerudi."

"Unalijua?"

"Mwaka jana nililivuta kule Mhunze, lilikuwa la mwalimu mmoja. Alilinunua kwa ng'ombe wake wote. Baadaye wale waliomuuzia wakamwonea huruma, wakalichukua tena kwa mbuzi."

"Wale kina nani?"

"Mzee mmoja na mkewe. Mzee ana jino la dhahabu. Watu wema. Leo asubuhi wamepita hapa juu ya lori, wamebeba mabati, mzee akanipungia mkono."

"Mkewe ni mjane," Nassibu akasema taratibu. "Yuko kwenye eda. Mumewe amekufa."

Jilala akafikiri. "Basi atakuwa amekufa mchana huu," akasema, "maana asubuhi alikuwa anakula muwa."

Nassibu akakaa juu ya madigadi. Alikuwa amemsomea Fatiha, kwa machozi, mtu aliyemnunulia chai siku ileile.

"Nikuvutie wapi?" Jilala akauliza.

Hapakuwa na pa kwenda ila Ngokolo. Tairi la akiba likawa malipo, likafae mkokoteni. Maksai wakafungwa, na gari la heshima likarudi mjini kwa mwendo wa jembe, wazee walewale wakilitazama, safari hii na kofia kichwani.

Mvua yenyewe iliwakuta wanaingia Ngokolo. Chiku alikuwa amesimama katikati ya kuta zake, watoto pembeni, furushi kichwani, sufuria ya viazi mkononi. Mwenye nyumba alikuwa ametimiza ahadi yake ya Ijumaa. Chiku alimtazama mumewe, akawatazama maksai, akalitazama gari.

"Chiku, ngoja nikueleze..."

"Linavuja?"

"Yule mzee alinionyesha leso, mimi nikajua..."

"Nimeuliza kama linavuja."

Nassibu akatazama ndani. "Halivuji."

Chiku akafungua mlango. Akaingiza watoto, furushi, sufuria, kisha akaingia mwenyewe na kuufunga. Mlango haukujibamiza, ulijifunga kwa adabu, kama milango ya benki. Watoto wakagundua kwamba nyuma ya viti vya mbele kuna vimeza vya mbao vya kukunjua, ambavyo baba yao hakuwa ameviona, wakapangiwa viazi vyao juu yake. Chiku akavua kandambili, akanyoosha miguu kwenye ngozi ya Kiingereza, akafumba macho. Lazima tuwatendee haki Waingereza: umeme hawaujui, lakini mvua wanaijua.

Nassibu alijaribu mlango wa mbele, akajaribu wa nyuma, akazunguka upande wa pili. Vitasa vilikuwa vizima, na vimefungwa kwa ndani. Akagonga kioo kwa kucha. Kioo kikazidi kujaa ukungu wa pumzi za watu wanaoshiba. Maji yakamteremka mgongoni mpaka kwenye soksi.

"Mama Tabu," akasema karibu na kioo, "nifungulie wa nyuma tu. Nitakaa chini, kwenye miguu ya watoto."