Kabla Kodi Haijapanda

Alhamisi, 26 Desemba 2024
Duluth, theluji mpaka magotini. Sheria ya kodi inaisha mwakani, viwango vitapanda, kila mtu anasema hivyo. Na akiba yangu yote ya uzeeni imo kwenye ile akaunti ya zamani, ambayo pesa zake huzilipii kodi mpaka siku unapozitoa. Nikisubiri, nimeliwa! Dawa ni kuzihamishia akaunti mpya, nilipe kodi ya leo iliyo nafuu, halafu nisidaiwe hata senti mpaka nife. Tatizo dogo: kodi yenyewe itafika dola elfu ishirini na nane. Pesa pekee tulizonazo mkononi ni za kukarabati jiko. Arlys, mke wangu, anangojea makabati mapya mwaka wa kumi na moja. Droo zake anazifungua kwa koleo.

Ijumaa, 27 Desemba
Verlyn, kaka yake Arlys, kaja kunywa kahawa bila kualikwa. Eti mwenye akili huhamisha kidogo kidogo kila mwaka. Anajifanya mtaalamu kwa kuwa aliwahi kuuza bima za matrekta. Nikamwambia watu wa kidogo kidogo ndio kodi itawakuta njiani. Akacheka, akamaliza biskuti zote za tangawizi.

Nimepiga hesabu mara saba. Kuna mstari: kipato chetu wawili kikiuvuka hata kwa dola moja, bima ya afya ya wazee inapanda, yangu na ya Arlys, mwaka mzima. Nitasimama dola arobaini chini yake. Arobaini! Verlyn hata gari hawezi kuliegesha hivyo.

Jumatatu, 30 Desemba
Nimewapigia simu wanaotunza akiba. Binti aliyepokea kaniuliza mara tatu kama nina uhakika, maana zikishahama hazirudi. Nikasema ndiyo. Dola laki moja na elfu arobaini, nusu ya akiba, zimekwenda. Nimemeza vidonge viwili vya kiungulia. Arlys alikuwa akichagua rangi za makabati, nikamwambia kijani ni kizuri. La kodi sikumwambia. Naogopa.

Jumanne, 31 Desemba
Balaa! Arlys kaenda kasino na wanakwaya wenzake, kashinda dola elfu moja na mia tisa kwenye mashine. Karudi anaimba, fomu ya kodi mkononi. Mstari wangu! Nikamsihi arudi akazicheze zote ziliwe. Nikampigia Verlyn, nikauliza kwa niaba ya rafiki. Akasema kuzipoteza hakusaidii, kipato kimeshahesabiwa.

"Huyo rafiki yako anaitwa nani, shemeji?"

Nikakata simu. Arlys akaketi, akavua buti, akataka kujua yote. Nikamweleza.

"Glendon, niambie kitu kimoja tu. Pesa za jiko zipo?"

Nikasema zipo. Mpaka Aprili.

Jumanne, 15 Aprili 2025
Nimelipa. Chakula cha jioni: tambi na samaki wa kopo, kutoka oveni ambayo mlango wake umefungwa kwa waya. Arlys hakunisema. Afadhali angenisema.

Ijumaa, 4 Julai
Sikukuu kwa Verlyn, anachoma soseji. Redio ikatangaza kuwa sheria mpya imetiwa saini, viwango vya kodi havipandi. Vinabaki vilevile! Ningeweza kuhamisha kidogo kidogo na jiko nisiliguse. Verlyn aliniangalia, akaniongezea soseji. Hilo ndilo lililoniuma. Nikaingia chooni nikalia kidogo.

Kutoka, nikaona boti yangu ya uvuvi uani kwake, imefunikwa turubai. Nikauliza imefikaje pale.

"Nimemuuzia Verlyn," Arlys akasema taratibu. "Fundi wa makabati anaanza Agosti."

Siwezi hata kulalamika. Kwenye hati, boti ni ya Arlys. Niliiandikisha hivyo mwenyewe mwaka fulani, ili nipunguze kodi nyingine.

Nimekaa garini peke yangu, nafikiri. Sawa, viwango viko chini. Lakini vitakaa chini mpaka lini? Havina budi kupanda siku moja, na nusu ya akiba yangu bado imo kwenye akaunti ya zamani. Na hizo pesa za boti zimelala bure mpaka Agosti. Kesho nitazungumza na Arlys, akishakunywa kahawa.