Enzi Fupi ya Mlinzi wa Sufuria Kuu

Enyi mliokaa nanyi mliosimama, wekeni vikombe chini, nipate kuwasimulia vita vikuu kuliko vyote vilivyopiganwa nyuma ya Msambweni, mwaka ule Jamhuri ilipokuwa ingali mbichi. Na shujaa wake, nasema bila haya, ni mimi Shutu, Simba wa Jikoni, mpenda ukoko.

Kijiji chetu kilikuwa na sufuria moja la shughuli, na aliyelitunza alikuwa na haki ya ukoko wote wa pilau, iwe harusi, iwe matanga. Mtunzaji alipofariki, cheo tukakitaka wawili: mimi, na Bi Mwanarusi, mpishi wa Bondeni. Basi nikasimama barazani nikanena: "Ndugu zangu, tumesikia redioni kwamba Rais wa nchi hupatikana kwa kupitia wabunge. Sisi ni nani hata tuchague kichwa kwa kichwa? Kila mtaa utoe mjumbe mmoja, na kila mjumbe kura moja." Wakaafiki, maana nilisema kwa Kiswahili kirefu.

Mitaa ilikuwa mitatu. Bondeni walikaa karibu watu wote. Kwa Kitsao alikaa Kitsao na kuku wake. Mtaa wangu ulikuwa na mimi na mke wangu Chiku, nami ndiye niliyekuwa mjumbe. Bondeni wakampa Mwanarusi. Kitsao, niliyemwahidi nusu ya ukoko, akanipa mimi. Nami, baada ya kutafakari sana, nikajipa mimi. Nikashinda.

Ikaja harusi ya binti wa Mzee Boga wa Bondeni. Ada yetu ni kwamba sufuria hubebwa kwa miti na wale waliomchagua mtunzaji. Jeshi langu likajipanga: Kitsao mwenye kiuno kibovu, na mimi. Tukalinyanyua, likakataa. Tukalisukuma, likabingirika hadi mferejini, likakwama mdomo chini. Jua likapanda, mchele umekwisha oshwa, na Mzee Boga akaja mwenyewe.

"Shutu mwanangu, wageni wa Wasini wamefika. Nitawalisha nini?"

Hapo niliona haya, tena haya ya kweli. Bondeni nzima ilikuwa imesimama kando, inatazama. Nikamgeukia Chiku nikamwambia ashike mti.

"Mume wangu," akasema, "hubeba aliyechagua. Mimi ulinichagulia. Hukuniuliza."

Nikauweka mti wangu chini, nikawageukia watu wote.

"Haya," nikasema, "na iwe kila kichwa na kura yake. Amtakaye Bi Mwanarusi ashike mti."

Bondeni wakashika. Chiku akashika. Kitsao, msaliti yule, na kiuno chake akashika. Sufuria likapaa kama kikapu kitupu. Upande wangu nikabaki mimi na kura yangu, nikapewa kifuniko nikibebe.

Watu walipokwisha kula, Mwanarusi akakwangua ukoko ambao sasa ulikuwa haki yake, akaugawa: kila aliyebeba, kipande kimoja. Nikanyoosha mikono yote miwili.

"Mimi nilikuwa mjumbe," nikasema.

"Leo umebeba nini, Shutu?"

"Kifuniko."

"Basi kimoja."

Naam, wasimulieni wajukuu zenu: siku ile Simba wa Jikoni alipata kipande cha ukoko kilicho sawa na cha Kitsao, sawa na cha mtu yeyote wa Bondeni. Nikakipima kwa jicho na cha Chiku, hakikuzidi wala hakikupungua. Kisha nikamwuliza mke wangu, kwa mara ya kwanza tangu Jamhuri, kama chake kinamtosha.

Akasema kinamtosha.