Kitabu Kinene cha Safari ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Mama mkwe ametamka leo mezani. Anataka kwenda ng'ambo kabla magoti hayajamgomea, auone mji ambao marehemu baba mkwe alisomea ujanani. Atafuatana na watoto wake wawili, mke wangu na shemeji. Na mimi, bila shaka. Sikutajwa, ila nipo. Akaongeza kwamba atakayeijua njia vizuri ndiye atakayeshika pasipoti zote. Shemeji akakohoa kidogo, akatoa kitabu cha wasafiri, kipya, picha za rangi tupu. Kumbe alishajiandaa. Chakula kilinishinda.

Jumanne, 4 Juni
Nimetoroka kazini kwenda duka la vitabu. Muuzaji, mama mmoja mpole, alinipangia vitatu: chembamba cha kutia mfukoni, cha picha, na cha ramani. Akauliza tunakwenda kwa muda gani na tunafuatana na nani. Nikamwambia sikuja kuhojiwa, nimekuja kuchagua. Chembamba kitanidhalilisha. Cha picha ndicho cha shemeji. Cha ramani hakikizidi cha shemeji kwa unene. Nikatoka mikono mitupu. Nikarudi. Nikatoka tena. Huku nyuma, kwenye duka letu la miwani, mteja alikuwa ananingoja nimkazie skrubu. Bosi aliniuliza kama na mimi nahitaji miwani ya kuonea saa.

Jumatano, 5 Juni
Nimekipata! Kwa muuza vitabu vilivyotumika. Kinene kama tofali, kina ramani za kukunjua. Nimekibeba kwapani njia nzima, jina likitazama nje. Wakati wa kula nikatangaza kwamba kutoka kituo cha treni tutapanda tramu, ile treni ya barabarani, hadi kwenye lile daraja ambalo baba mkwe amesimama juu yake katika picha ya sebuleni. Shemeji akafunua chake taratibu, akasoma kwamba tramu ziling'olewa zamani. Nikatazama mwaka wa kuchapwa. Kitabu changu kimenitangulia kuzaliwa. Mke wangu alichekea ndani ya kikombe.

Alhamisi, 6 Juni
Sikutulia kutwa. Nimeweka lenzi ya kushoto upande wa kulia, mwenye miwani akajigonga mlangoni wakati wa kutoka. Jioni shemeji alipoingia kuoga, nilinyofoa ukurasa wa daraja katika kitabu chake. Mmoja tu. Siyo wizi, ni kumpunguzia mzigo. Nimeutia mfuko wa shati.

Jumamosi, 8 Juni
Balaa. Mama mkwe aliomba aonyeshwe daraja. Shemeji akafunua mbele, akafunua nyuma, jasho likamtoka. Nilianza kufurahi. Kisha mama mkwe akavua miwani, akasema polepole, "Basi na daraja nalo limeng'olewa. Acheni tu, wanangu. Nitakwenda kuangalia nini?"

Akainuka kwenda chumbani. Ukurasa ulikuwa unanichoma kifuani, na kuutoa siwezi. Nikakimbia kuleta tofali langu, nikamsihi alitazame kwanza. Alilifunua shingo upande. Akafika kwenye mtaa mmoja, akarudisha miwani machoni. Kumbe nyumba aliyopanga baba mkwe na wanafunzi wenzake imetajwa, pamoja na duka la mikate lililokuwa chini yake. Akaweka kidole pale.

"Alikuwa ananiandikia kutoka hapa," akasema. "Alisema harufu ya mkate haimwachi alale."

Shemeji alijifanya anafunga dirisha. Hatimaye mama mkwe akasema tutakwenda, na kitabu hiki hakitoki mkononi mwake. Nikaeleza kwamba cha zamani nilikichagua makusudi, kwa ajili yake. Shemeji akanipa mkono wa pongezi. Nikaupokea.

Jumapili, 9 Juni
Mke wangu amefua shati. Hakupiga kelele. Aliuanika ule ukurasa kwenye kamba, katikati ya soksi zangu, hadi kila mtu akapita akauona. Mama mkwe aliutazama kwa muda, akasema angalau daraja lipo. Halafu akatoa hukumu. Pasipoti atashika mke wangu, njia ataonyesha mama mkwe mwenyewe, mimi na shemeji tutabeba mabegi. Shemeji amesusa kunisemesha. Hata chumvi ameniomba kupitia kwa mke wangu.

Jumatatu, 10 Juni
Nimetafakari. Kosa langu lilikuwa kung'ang'ania ramani. Ugenini anayetegemewa ni yule anayeweza kuongea na watu. Mchana nimewahi duka la vitabu, nikachukua kitabu cha maongezi, kinene kuliko vyote. Yule mama muuzaji alitaka kuniambia jambo, nikamwambia nina haraka. Jioni nzima nimekariri kuomba maji, kuuliza choo na kumpongeza bibi harusi. Mke wangu alisimama mlangoni akinisikiliza, kisha akauliza kwani hiyo ndiyo lugha ya huko tunakokwenda. Nikamjibu kwamba lugha za upande ule zote ni jirani, tutaelewana tu. Shemeji, ambaye tangu jana alikuwa hajanisemesha, akauliza kutoka sebuleni kitabu hicho nimekinunua wapi.

Sikumwambia.