Nirudishieni Begi Langu na Ugeni Wangu

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Mpira ya Mtaa.

Ndugu Mwenyekiti,

Kwa heshima zote unazostahili, na nyingine za nyongeza, naomba kuondolewa klabuni na kurudishiwa ugeni wangu. Mimi ni mkimbizi halali, nashona nguo kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la vioo, na nilikuwa naendelea vizuri na huzuni yangu mpaka mliponiingilia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sikuja kucheza. Nilikatiza uwanjani kuuliza njia ya ofisi ya vibali. Kapteni wenu, yule fundi bomba, akatazama viganja vyangu, akanivisha glavu. Nikafungwa mabao saba. Kwa haki mlipaswa kunifukuza. Nyinyi mkanipigia makofi, mkaniambia pole, utazoea. Jamani!

2. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa ndoo ya jezi za kufua siku hiyohiyo.

3. Zamani watu waliniheshimu. Walisema nami polepole kama wanaolisha mtoto uji. Sasa muuza nyama anasimama nyuma ya goli langu na kuniita Mlango Wazi mbele ya wakwe zake! Kibaya zaidi, namjibu. Juzi nilimwambia apunguze kwanza mifupa kwenye kilo zake. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Aibu iliyoje.

4. Siku tulipoingia hapa, mimi na mke wangu tulikubaliana tusipende kitu chochote, ili tukifukuzwa tena tusiumie mara mbili. Jumamosi jioni ilikuwa wakati wake wa kulia. Siku hizi hana nafasi, anamtukana refa.

5. Begi. Hapa sitanii. Ndilo nililokimbia nalo. Miaka yote limekaa nyuma ya mlango, limefungwa, ndani mna nguo za wanangu na ufunguo wa nyumba yetu ya kule. Mkaliazima kubebea mipira. Nguo zikaingia kabatini, ufunguo ukatundikwa kwenye msumari. Sasa mabaya yakitukuta tena, Mwenyekiti, nikimbie na mipira?

Kwa hiyo begi lirudi kabla ya mechi ya Jumamosi, nami nirudi kwenye kiti cha mgeni, nipewe pole, nisipewe majukumu.

Nisalimie kapteni na goti lake bovu, mama wa chai na binti zake, hata refa, ingawa haoni. Muuza nyama usimsalimie. Mwambie tu nimemuulizia.

Wako kwa kulazimishwa,
Mlango Wazi

N.B. Kabla sijafunga bahasha, kapteni ameleta begi, limefuliwa. Nimefungua kabati nizirudishe nguo begini: hakuna hata moja inayowatosha wanangu. Wamekua hapahapa, sikuona. Mke wangu kaniuliza mipira mtabebea nini, kisha kaenda zake jikoni. Basi nakuja nalo Jumamosi, zipu nimeshaitengeneza. Golini asisimame mtu. Pale ni kwangu.