Mashine Yenu Inaniuliza Ninakwenda Wapi

Māngere, Auckland
2 Septemba 2025

Kwa Afisa Mkuu wa Taarifa za Wanachama,
Kampuni ya Jirani Mmoja.

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba hutanijibu kwa ile sauti inayosema simu yangu ni ya muhimu sana kwenu. Sikupiga simu. Nimeandika kwa mkono, na mjukuu wangu Losa ameahidi kuipiga picha na kuituma, kwa sharti kwamba nisimtaje.

Mimi ni Tohovaka Ikiua, mzaliwa wa Avatele, kisiwa cha Niue, mkazi wa mji huu tangu 1968, mtunza maktaba mstaafu. Tarehe 18 Oktoba nitatimiza miaka themanini. Dada yangu mkubwa, Molima, ambaye hakuwahi kuhama Avatele, amesema hatahudhuria sherehe. Ushahidi mmoja tu unaweza kumaliza ugomvi wetu, na mmeukalia nyinyi. Nina malalamiko matano.

1. Ubao wetu. Mwaka 1996, Pulekula, fundi wa redio, aliweka kompyuta kwenye gereji yake, nyumba ya tatu kutoka kwetu, akafungua Ubao wa Avatele. Ulikuwa ukurasa wa kijivu wenye maandishi meusi. Ukitaka kuingia uliulizwa jambo moja tu: wewe ni wa ukoo gani? Ukidanganya, kufikia jioni ulikuwa umeshajulikana. Hapo tulikutana sote, wa Auckland, wa Sydney na wale wachache waliobaki nyumbani, na tukasemana tulivyozoea kusemana.

"Aliyechukua kofia yangu kanisani, nimeiona kichwani kwako. Nasubiri tu uirudishe kwa heshima zako."

"Shangazi, kofia ile hata upepo uliikataa."

"Wewe mtoto wa Siakimotu, ngoja nikutane na mama yako."

Hakuna aliyeuza kitu, isipokuwa Siakimotu mwenyewe, jirani yangu, aliyetangaza nguruwe mmoja akasutwa wiki nzima kwa kuleta soko mezani. Hakuna aliyehesabu nani amesoma nini. Pulekula alipochoka, mwaka 2006, aliukabidhi ubao kwa vijana wawili wapole walioahidi kwamba hakuna kitakachobadilika. Wao waliuuza kwa wengine, na wale wengine mkawanunua nyinyi. Siku hizi pale palipokuwa na jina la kijiji pana picha ya mwanamke anayechekea mtindi.

2. Swali la njiani. Hili ndilo lililoniumiza zaidi kimwili. Kwetu mtu akitoka na mshipi wake kwenda kuvua haulizwi anakwenda wapi. Akiulizwa, safari imeharibika. Anageuka na kurudi nyumbani, kwa sababu samaki wameshasikia. Watu wazima wote wanajua hilo. Ukimwona mtu na ndoo unatazama mawingu.

Programu yenu ya ramani, aliyoiweka Losa kwenye simu yangu ili nisipotee, huwaka kila ninapofungua mlango na kuuliza: "Unakwenda wapi leo, Tohovaka?" Kwa jina langu! Tangu Machi mwaka jana nimegeuka na kurudi mara arobaini na moja. Siakimotu, ambaye hana simu, hunitumia samaki aina ya changu aliowavua darajani na ujumbe kwa mdomo wa mkewe: "Mwambie mzee bahari ipo, haijahama."

Nimejaribu kuiacha simu nyumbani. Niliporudi ikaniambia kwamba leo sijatembea hata hatua moja, na ikaniuliza kama nimepoteza hamu ya kuishi. Chini yake palikuwa na tangazo la bima ya mazishi.

3. Mitumbwi. Ni lazima nieleze kisa chenyewe. Mwaka 1956, mimi nikiwa na miaka kumi na mmoja na Molima kumi na mitatu, baba alituachia mtumbwi wake tuupandishe. Kwetu hakuna ufuko wa mchanga. Mtumbwi hubebwa kutoka majini, hupandishwa kwenye majabali na kuwekwa juu, mahali ambapo mawimbi hayafiki. Siku ile mtumbwi uliachwa kwenye mwamba wa chini. Usiku bahari iliuchukua, na asubuhi tulikuta kasia moja. Baba alipouliza, Molima alisema ni yeye.

Jambo likaisha, hadi Krismasi ya 2019 alipokuja kututembelea. Mezani, mbele ya mchungaji, nilitania kidogo kuhusu watu wasiojua kubeba mitumbwi. Molima aliweka kijiko chini.

"Mtumbwi ule sikuuacha mimi, na wewe unajua."

"Ulikiri mwenyewe kwa baba!"

"Tohovaka," alisema, "umezeeka lakini hujakua."

Akarudi Avatele wiki moja kabla ya siku aliyopanga kuondoka. Amesema atakuja tena siku nitakapomwomba radhi mbele ya watu walewale.

Nimekuwa nikitafuta neno "mtumbwi" kwenye mtandao wenu, kwa sababu nitakayoitaja katika nambari ya nne. Mmeelewa kwamba ninataka kununua. Nimeletewa mitumbwi ya plastiki, ya kupuliza, ya watoto, na mmoja wenye kishikio cha kikombe. Mkaniambia: "Huenda unamfahamu Molima Ikiua." Huenda. Tulilala mkeka mmoja hadi nilipofika miaka saba. Kisha, kwa kuwa mmeshatuunganisha, mkaanza kumpelekea yeye pia mitumbwi, pamoja na kamba za kufungia. Alimtuma binamu yetu anipigie simu: "Mwambieni huyo mzee aache kunitumia mitumbwi. Nimemwelewa. Kamba nazo ni matusi." Nimeapa kwamba si mimi. Haniamini, na mimi katika nafasi yake nisingeniamini.

4. Mlango wenyewe. Julai 1999 maungamo ya mtumbwi yaliandikwa kwenye Ubao wa Avatele. Ninayakumbuka neno kwa neno: "Ni mimi niliyeuacha pale chini. Mikono iliniuma na nilikuwa na njaa. Nimelibeba jambo hili miaka arobaini na mitatu." Nakumbuka mvua iliyokuwa ikinyesha, na jinsi nilivyolia kwa faraja. Ninachohitaji ni ukurasa huo tu, uchapishwe, niuweke mezani tarehe 18 na kumwambia Molima, kwa upole, asome.

Ukurasa upo. Mmeniandikia mara tatu kwamba "kumbukumbu zako zinakusubiri". Lakini ili nisome maneno ya familia yangu mwenyewe mnataka tarehe yangu ya kuzaliwa, picha ya uso wangu kutoka pande tatu, majina ya wote ninaowajua, na ruhusa ya kujua nilipo hata nikiwa nimelala. Losa anasema, "Babu, bonyeza tu Nakubali. Kila mtu anabonyeza." Mimi nimetunza maktaba miaka thelathini na mmoja, na sikuwahi kumwomba mtu vipimo vya uso ili nimpe kitabu. Nimesoma masharti yenu yote, kurasa sitini na nne. Ukurasa wa thelathini na nane umerudiwa. Naona sijatanguliwa na msomaji yeyote, hata kwenu.

5. Undugu. Nimelifikiria sana hili na sioni pa kutokea. Mnajua ninachopika, goti linaloniuma, saa ninayoamka na ndugu ninayegombana naye. Kwetu anayejua hayo yote ana jina moja tu, naye ni ndugu. Ndugu ana kazi. Hawezi kujua na kukaa tu.

Kwa hiyo naomba kampuni yenu ifike nyumbani tarehe 17 Oktoba, saa kumi na mbili asubuhi, na watu wanne wa kumenya taro, yale magimbi ya kwetu, na mmoja mwenye mgongo mzuri wa kubeba mawe ya tanuri la shimoni. Mlete takihi, taro na papai vilivyopikwa kwa tui, sinia mbili, na tui lisiwe la kopo. Mkurugenzi wenu atakaa upande wa wajomba na atazungumza, si zaidi ya nusu saa. Nikifa, mtaketi na mwili, kwa zamu. Na kwa kuwa mdogo ndiye anayetumwa kati ya wakubwa wanaogombana, na nyinyi ndio wadogo kuliko wote katika ukoo huu, mtakwenda Avatele kumsihi Molima kwa niaba yangu.

Kama undugu huo ni mzito kwenu, basi nirudishieni ukurasa wa Julai 1999 bila sharti lolote, na mkome kuniuliza ninakwenda wapi.

Nakutakia afya, wewe na nyumba yako. Nisalimie wahandisi wote, wafagizi wa ofisi, mlinzi wa mlangoni kama bado ni mtu, na yule mwanamke wa mtindi, ambaye hana kosa.

Ni mimi, kwa heshima na subira inayopungua,

Tohovaka Ikiua

Baada ya kutia sahihi: Barua imekaa mezani siku mbili kwa kuwa Losa alikuwa na mitihani. Jana, baada ya chakula, nilibonyeza Nakubali. Mmechukua uso wangu pande tatu. Ukurasa ulifunguka mara moja, na maungamo yapo kama nilivyoyakumbuka, neno kwa neno. Ila jina lililo juu yake ni langu.

Chini yake Molima amejibu: "Najua. Niliuona pale chini nikapita. Nilisema ni mimi kwa sababu baba hakuwa na mazoea ya kunichapa. Sasa zima kompyuta, mkeo analalamika kila mara kwamba inaziba laini ya simu."

Nafuta malalamiko namba moja hadi tano. Msiufute ukurasa ule. Msimpelekee Molima kama kumbukumbu. Nitamsomea mwenyewe, na mchungaji amekubali kufuatana nami.

Asubuhi hii nilipofungua mlango mashine iliniuliza tena ninakwenda wapi. Kwa mara ya kwanza niliijibu. Nimeandika Avatele. Ilifikiri kwa muda mrefu, kisha ikasema hakuna njia ya gari, na ikanionyesha mtumbwi.